Takataka za Mtaa na Mahali Pasipo na Mwenyewe

Ndugu wasomaji, katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo ambalo laonekana dogo, nalo si dogo: takataka zilizotapakaa katika mitaa tunamokaa. Hatuneni habari ya taka za sokoni wala za viwandani, maana hizo zina wakubwa wake. Twanena habari ya maganda, makaratasi, chupa na matambara yanayolala njiani kati ya nyumba na nyumba. Tutauliza maneno matatu: zatoka wapi, zaleta hasara gani, na majirani waweza kufanya nini wao wenyewe ili zipungue. Mwishoni yako maswali. Yafaa yasomwe na kujibiwa na watu wengi pamoja, kwa kuwa somo hili halina faida likikaa katika kichwa cha mtu mmoja.

1. TAKATAKA ZATOKA WAPI?

Mgeni asiyeijua miji yetu aweza kudhani ya kuwa wenyeji wake hawapendi usafi. Sivyo hata kidogo. Pita alfajiri katika mtaa wo wote wa Dar es Salaam, au Tanga, au Moshi, nawe utasikia fagio la chelewa katika kila ua. Mama au binti huamka mapema, hunyunyiza maji ili vumbi litulie, hufagia. Na kabla jua halijapanda uwanja umekwisha kuwa safi. Basi, kama kila uwanja umefagiwa, uchafu wa mtaa watoka wapi?

Jibu laonekana ukilifuata fagio. Taka zasukumwa mpaka kwenye mpaka wa uwanja, na hapo ndipo zaachwa. Zaangukia njiani, au katika mfereji, au katika kiwanja kisichojengwa, au nyuma ya ukuta wa jirani aliyesafiri. Hazikuondoka, zimehama tu. Mwenye uwanja wa kwanza asema, "Kwangu ni safi," na wa pili asema vivyo hivyo, nao wote wawili wasema kweli. Lakini njia ipitayo katikati yao yazidi kuwa jalala siku kwa siku. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa asili ya uchafu huu ni uvivu. Asili yake ni hii: kila nyumba ina mwenyewe, lakini katikati ya nyumba na nyumba hapana mwenyewe. Neno hili ndilo shina la somo letu, tulishike.

Tena liko jambo la pili. Taka zenyewe zimebadilika. Wazee wetu walitupa maganda ya ndizi, majani na mifupa migombani. Vikaoza, vikawa mbolea, na mgomba ukanenepa. Aliyetupa hakukosa, alilisha shamba lake. Siku hizi desturi ya kutupa imebaki, lakini kinachotupwa si kile cha kwanza. Chupa ya plastiki, karatasi ya nailoni iliyofungiwa pipi, nepi ya mtoto ya kutupa: vitu hivi vyakaa ardhini miaka mingi sana bila kuoza. Mkono watenda kama mkono wa babu, lakini udongo haupokei tena.

Serikali za nchi zetu zimeliona jambo hili. Zanzibar walikataza mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda walitoa sheria yao mwaka 2008. Kenya walianza tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kila mtu mwenye macho akumbuka jinsi mifuko ile, ambayo watu waliiita rambo, ilivyoning'inia katika miiba na kuelea mitaroni. Nayo sasa imepungua sana. Lakini katazo la mifuko halikuondoa chupa, wala vifuniko vyake, wala vifuko vidogo vya karanga na viungo. Sheria yaweza kuzuia kitu kisiuzwe dukani, lakini haiwezi kuinama na kuokota kilicho mbele ya mlango wako.

2. HASARA ZAKE

Hasara ya kwanza ni maji. Chupa moja mferejini haizuii maji. Lakini chupa hushika tambara, tambara hushika majani, majani hushika mchanga. Na penye kalvati nyembamba vyote hukutana vikawa kizibo. Wakati wa kiangazi hakuna anayejali. Masika yakija, maji hutafuta njia nyingine, nayo njia hiyo ni mlango wa mtu.

Katika Desemba 2011 jiji la Dar es Salaam lilipata mafuriko makubwa, na watu zaidi ya 40 walikufa. Hatusemi ya kuwa takataka ndizo zilizoleta msiba ule. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, tena nyumba nyingi zilisimama ndani ya bonde la mto Msimbazi lenyewe. Lakini mfereji ulioziba huifanya mvua ya kawaida iwe na nguvu ya mvua kubwa. Na hapa liko neno la haki linalotupasa kulitafakari. Takataka hushuka pamoja na maji. Anayezitupa aghalabu akaa juu, mahali pakavu. Anayezipokea akaa chini, bondeni, kwa kuwa huko ndiko kodi ilikokuwa ndogo. Wa juu hatamwona wa chini akitoa godoro lake nje lianikwe. Basi kutupa chupa mferejini si kosa juu ya usafi tu, ni kumtwika mzigo jirani usiyemjua jina.

Hasara ya pili ni mbu. Wengi wajua habari ya malaria, lakini wako mbu wengine wanaopenda hasa uchafu wetu. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai katika maji madogo yaliyotuama ndani ya kopo, kifuu cha nazi, tairi kuukuu au kifuniko. Maji yakikaa siku 7 hadi 10, mbu wameruka. Huyu ndiye aletaye homa ya dengi, ambayo watu wa pwani tangu zamani waliiita kidingapopo. Homa hiyo ilienea Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Naye huuma mchana, hata chandarua cha usiku hakitoshi kumzuia. Zaidi ya hayo, mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakingoja mvua. Kwa hiyo kumwaga maji ya kopo na kuliacha kopo pale pale ni nusu ya kazi. Yafaa kopo lenyewe liondoke. Tena wako mbu wa jamii ya Culex, ambao hupenda maji machafu ya mitaro iliyoziba. Na huko pwani wao ni miongoni mwa wanaoeneza matende na mabusha.

Hasara ya tatu ni magonjwa ya tumbo. Jalala lililo karibu na nyumba ni nyumba ya nzi na panya. Na mvua ikishuka, uchafu wa jalala na wa vyoo huchanganyika na maji ya kisima. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya nchi.

Twataja pia moshi. Watu wengi, wakichoka na taka, huzichoma jioni penye uchochoro. Majani makavu yakichomwa huwasha macho. Lakini plastiki ikichomwa hutoa moshi wenye sumu, nao huingia madirishani mwa watoto waliolala. Mwenye kuchoma hajaondoa taka yake, ameihamisha kutoka chini kuipeleka hewani.

3. KWA NINI SIKU MOJA YA KUFAGIA HAITOSHI

Kwa ajili ya kipindupindu kile, Rais John Magufuli aliamuru ya kuwa tarehe 9 Desemba 2015, sikukuu ya Uhuru, pasiwe na gwaride, bali watu wote wafanye usafi. Na yeye mwenyewe alionekana akishika taka kwa mikono yake karibu na Ikulu. Watu wengi walitoka siku ile, mitaa ikang'aa, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawekwa kuwa siku ya usafi. Lilikuwa jambo jema, nasi hatulidharau.

Walakini wengi wetu twajua yanayotukia baadaye. Jumamosi watu wafagia, wafyeka na kuzibua mfereji. Tope na chupa zalimbikwa kando ya mfereji ule ule, kwa maana hakuna aliyeagiza gari wala mkokoteni. Jumapili ni safi. Jumatano lundo bado liko pale pale, na kuku wamelichakura. Mvua ya kwanza yalirudisha lote mferejini. Kazi ya watu mia imekuwa bure, na mwezi wa pili watatoka hamsini tu.

Tufanye hesabu. Kama mtaa una nyumba 100, na kila nyumba yaangusha vitu viwili tu kwa siku katika njia, basi kwa siku ni vitu 200, na kwa mwezi wa siku 30 ni vitu 6,000. Saa 3 za kufagia haziwezi kushindana na siku 30 za kutupa. Kinachotakiwa ni kupunguza zile mbili za kila siku. Na hizo hazipunguzwi kwa fagio, zapunguzwa kwa mapatano.

Ndugu zetu wa Rwanda wana desturi iitwayo umuganda, iliyothibitishwa kwa sheria mwaka 2007. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hufanya kazi ya pamoja kwa muda wa saa 3 hivi. Wengi huwasifu kwa ufagiaji. Sisi twaona ya kuwa jambo lililo bora ni lile linalofuata. Kazi ikiisha, watu hawatawanyiki mara moja: hukaa pamoja na kuzungumza mambo ya mahali pao. Waliotoka kuuona uchafu kwa macho yao hukaa chini wakiwa bado na matope miguuni, na kuulizana, "Lundo hili lilitoka wapi, na nani atalitazama hata mwezi ujao?" Hapo kufagia kwazaa shauri.

4. MASHAURI KWA MAJIRANI

Kazi ya namna hii yawezekana, nayo imekwisha kufanyika. Mtaa wa Hananasif, katika Kinondoni, Dar es Salaam, uko kando ya bonde la Msimbazi, nao ulikuwa ukifurika mara kwa mara. Tangu mwaka 1994 wenyeji wake, wakisaidiwa na serikali na Shirika la Kazi la Kimataifa, walichimba na kujenga mifereji ya maji ya mvua na kutengeneza barabara zao, wanaume kwa wanawake, kwa mikono yao wenyewe. Na mwishoni mwa miaka ile ya 1990, katika Dar es Salaam, vikundi vya wenyeji, vingi vikiwa vya wanawake, vilianza kukusanya taka za nyumba kwa nyumba. Aliyechimba mfereji kwa jasho lake hawezi kuutazama ukizibwa akanyamaza. Basi haya ndiyo mashauri yetu.

Kwanza, tembeeni mtaa wote pamoja. Kabla ya kununua reki na koleo, watu kumi au ishirini pamoja na mjumbe wa nyumba kumi wapite kila njia na kila uchochoro, waandike katika daftari kila mahali pasipo na mwenyewe: kona hii, kalvati ile, kiwanja kile. Wala watu hao wasiwe wa usharika mmoja tu. Mbu haulizi mtu dini yake. Na wapangaji waitwe pamoja na wenye nyumba, kwa kuwa mara nyingi mpangaji ndiye atupaye na mwenye nyumba ndiye ahukumuye.

Pili, kila mahali pale papewe mwenyewe. Si wa kupamiliki, bali wa kupatazama. Nyumba tatu zilizo karibu na kalvati zikubali mbele ya wote kuitazama kalvati ile, na majina yao yaandikwe. Yasisemwe maneno ya "sote tutaangalia," maana linaloangaliwa na wote haliangaliwi na mtu. Kazi yenyewe ni ndogo: dakika chache kila siku ya pili, kutoa chupa mbili tatu kabla hazijawa kizibo. Haba na haba hujaza kibaba. Nalo neno hilo ni kweli kwa uchafu kama lilivyo kweli kwa nafaka.

Tatu, tengeni taka nyumbani. Katika miji ya Afrika ya Mashariki zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani ni vitu vya kuoza: maganda, majani, mabaki ya mboga. Vitu hivi vikiwekwa peke yake si taka, ni mbolea. Fanyeni lundo au shimo la kadiri ya mita moja kila upande. Wekeni tabaka la maganda mabichi, kisha tabaka la majani makavu, kisha udongo kidogo. Lilowesheni bila kulifurikisha, na kuligeuza kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi litakuwa jeusi, lenye harufu ya udongo wa mvua. Msitie nyama wala mafuta, yasije yakaita panya. Chupa na vyuma viwekwe kando. Wako watu wanaovikusanya na kuviuza kwa kilo, nao wastahili heshima, maana kwa mikono yao wengi miji yetu haijazama. Wembe, vioo na sindano vifungwe katika kopo gumu, visimkate mchukuzi. Yakiisha kutengwa hayo yote, kinachobaki ni kidogo, na mkokoteni mmoja waweza kubeba mzigo wa nyumba nyingi.

Nne, wekeni njia ya kuondolea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yaweka wajibu wa taka ngumu juu ya serikali za mitaa; basi watu wachague wajumbe waende kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa bwana afya, wapatane siku na mahali ambapo gari la halmashauri litafika. Kutoka nyumbani mpaka mahali pale, mkokoteni wa mtaa wachukua. Kutoka pale mpaka dampo, gari lachukua. Mapatano yakivunjika upande mmoja, upande wa pili wajulishwe mapema, wala lundo lisiachwe kungoja siku isiyojulikana.

Tano, watazameni watoto. Katika nyumba nyingi mtoto wa miaka minane hutumwa jioni na ndoo ya taka kuipeleka mbali. Ndoo ni nzito, giza laingia, mbwa wako njiani. Mtoto amwaga penye kona ya kwanza na kurudi mbio. Twamlaumu mtoto, lakini kosa ni la aliyemtuma. Mzigo huo uchukuliwe na mtu mzima, au upunguzwe kwa kutengwa, au uchukuliwe na mkokoteni.

Sita, wauzaji wawe na vikapu. Mwenye duka, mama lishe na muuza mahindi, kila mmoja aweke chombo chenye kifuniko mbele yake. Karatasi ya pipi hutupwa hatua chache tu kutoka ilipofunguliwa. Chombo kikiwa karibu, wengi wataitia humo bila kuambiwa.

Saba, fedha zihesabiwe hadharani. Ada ya mkokoteni iwe ndogo, itolewe kwa siku moja ijulikanayo, iandikwe katika daftari na kusomwa mbele ya mkutano wa mtaa. Mjane na mzee asiye na kitu wasamehewe, na jambo hilo lisemwe waziwazi, ili wengine wasinung'unike. Mipango mingi ya namna hii haikufa kwa kukosa fedha, ilikufa kwa kukosa hesabu.

5. HABARI YA WAKOSAJI

Mtu atauliza: Na yule anayeendelea kutupa usiku, tumfanyeje? Twajibu: kwanza aendewe, tena na watu wawili, kwa salamu na kwa upole, waulize sababu kabla ya kutaja kosa. Huenda hana chombo. Huenda amehamia juzi, wala hakuambiwa siku ya mkokoteni. Huenda aona haya kwamba ada imemshinda. Wakosaji wengi watapungua hapo. Asiyesikia apelekwe kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Na sheria ndogo za halmashauri zina faini zake. Lakini faini iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza. Mji wa Moshi, ambao umesifiwa mara nyingi kwa usafi wake, una sheria kali juu ya watupao ovyo. Nasi twaona sheria hiyo yafaulu kwa kuwa wenyeji wenyewe huona haya kuona karatasi njiani, tena huambiana. Penye watu wasioambiana, askari mia hawatoshi.

Basi, ndugu, tukumbuke shina la somo. Nyumba zetu ni safi kwa sababu kila moja ina mtu anayesema, "Hapa ni kwangu." Mtaa utakuwa safi siku ambayo kila kona yake, kila kalvati na kila kiwanja kitakuwa na mtu anayesema vivyo hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole viwili vikikutana, kazi imekwisha. Masika hayangoji. Afadhali kutembea mtaa wiki hii, nchi ikiwa kavu, kuliko kutoa magodoro nje mwezi ujao.

MASWALI

1. Taka za uwanja wako zikiisha kufagiwa, zaenda wapi? Zifuate kwa macho mpaka mwisho wa safari yake.
2. Taja mahali patatu katika mtaa wenu pasipo na mwenyewe. Ni nyumba zipi zilizo karibu napo?
3. Maji ya mvua ya mtaa wenu hushukia kwa nani? Je, mmepata kumwendea na kumwuliza habari zake wakati wa masika?
4. Kwa nini kumwaga maji yaliyo katika kopo ni nusu ya kazi tu?
5. Nani hupeleka ndoo ya taka nyumbani mwako, naye huimwaga wapi?